Mtaro Aliouchimba Nsabimana

Juu kabisa ya Kimisagara, mjini Kigali, pale barabara ya lami inapoishia na ngazi za mawe zinapoanza kupanda mlima, kulikuwa na nyumba mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu. Ya kushoto ilikuwa ya Bibi Aidah, fundi cherehani, mjane wa miaka sitini na tisa, aliyezaliwa mtaa wa jirani wa Rwezamenyo kwa watu ambao babu yao alikuja na biashara ya vitambaa kutoka Ujiji. Ya kulia ilikuwa ya Nsabimana, mwashi aliyejenga nusu ya mtaa ule kwa mikono yake, pamoja na mkewe Uwamahoro na wajukuu wao wanne. Kati ya nyumba hizo palikuwa na kichochoro chembamba, na sufuria ikiungua kwa mmoja, mwenzake ndiye aliyepiga kelele kwanza.

Anayetaka kuelewa yaliyotokea masika ya mwaka huu sharti aanze na mtaro.

Zamani, kila masika, maji yalishuka kutoka mlimani yakaingia kwa Bibi Aidah kwa mlango wa nyuma na kutokea kwa mlango wa mbele. Alikuwa akiinua cherehani juu ya meza, akirundika nguo za wateja kitandani, halafu akisimama katikati ya chumba, maji yakimfika vifundoni, akingoja mvua ichoke. Mwezi wa nne, miaka mitatu iliyopita, Nsabimana alimkuta anakomba tope kwa kipande cha boksi. Hakusema pole, wala hakusema atafanya nini. Kesho yake alipanda nyuma ya nyumba na jembe. Alichimba peke yake siku nne, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, nchi nzima inapoacha shughuli zake asubuhi ili watu wafanye kazi za pamoja, akawaomba majirani wammalizie. Ukatoka mtaro wa hatua sitini, wenye kina cha kiuno, umekata mlima kwa mlalo juu ya nyumba zote mbili. Wakapanda mabingobingo, majani marefu yanayoshika udongo, kwenye kingo zake. Maji yaliyoshuka yalitumbukia humo, yakatulia, yakanywewa na ardhi. Tangu hapo Bibi Aidah hakukomba tope tena.

Kuna watu wakikutendea jema wanakukumbusha kila mwezi. Nsabimana hakuwahi kuutaja mtaro ule hata mara moja. Bibi Aidah ndiye aliyeutaja, kwa kila aliyekuja kupimwa nguo, na sare za shule za wajukuu wa Nsabimana zilishonwa mbele ya suti ya bwana harusi yeyote.

Mwezi wa pili mwaka huu akaja Gwiza.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na minane, mrefu, viatu vimejaa vumbi la mlima, mgongoni mkoba na mkononi tableti. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wake walipokuwa wakiishi huko, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Ofisi aliyofanyia kazi ilikuwa ikichora ramani ya sehemu za mji ambako ardhi inaweza kuporomoka mvua zikizidi. Ramani yenyewe walikuwa wameshaichora kwenye kompyuta. Gwiza alikuwa amekuja kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kuona kama inasema kweli.

Bibi Aidah alimpenda kabla hajafungua mdomo. Chumba chake cha kushonea, kilichojengwa kama mkia nyuma ya nyumba, kilikuwa na kitenge kimetandazwa sakafuni tayari kukatwa. Wageni wengi hukiruka. Gwiza alivua viatu mlangoni, akapita ukutani kwa ubavu, mikono juu, kama mtu anayevuka mto.

"Kaa, mwanangu," Bibi Aidah alimwambia. "Umetumwa kuja kutuhamisha?"

"Hapana, bibi. Nimetumwa kuja kuuliza."

"Wanaouliza ndio wanaohamisha."

Gwiza akacheka. "Basi nitauliza kidogo."

Alifungua tableti, akaiweka magotini mwa Bibi Aidah, si magotini mwake, ili mwenye macho ya uzee ndiye aone vizuri. Akamwonyesha mlima wao ulivyo ukitazamwa kutoka angani. Kisha akaweka juu yake picha nyingine, yenye rangi za kuonyesha wapi mteremko ni mkali na wapi ni wa polepole. Akaweka ya tatu, ya aina za udongo. Ya nne, ya mvua. Ya tano, ya miti, majani na mapaa ya nyumba. Ya sita, yenye vidoti vidogo mahali ambapo wazee walikumbuka kuwa mlima uliwahi kuanguka.

"Kila moja peke yake haisemi kitu," Gwiza alieleza. "Zikilala pamoja, mahali pale pale juu ya mahali pale pale, ndipo tunaona hatari iko wapi."

Bibi Aidah aliinua miwani. Pale ukutani kwake kulikuwa na karatasi zake za kukatia, zimetundikwa kwa msumari: mgongo wa koti, kifua, mkono, kola. "Hizi zangu ni hivyo hivyo," alisema. "Mkono peke yake si koti. Lakini niambie, unajuaje karatasi ipi iwe na sauti kubwa kuliko mwenzake?"

Gwiza aliinua macho kutoka kwenye tableti. "Bibi, swali hilo tumeligombania ofisini miezi mitatu."

"Nani alishinda?"

"Mteremko. Halafu udongo."

"Na sisi tuko wapi?"

Gwiza akavuta picha kwa vidole viwili mpaka yakaonekana mapaa mawili, madogo kama vifungo vya shati. Yote mawili yalikuwa juu ya rangi ya kijani.

"Mko salama. Mteremko ni mkali kweli, lakini mna mtaro na majani. Kila palipo na mtaro tumeipunguza hatari, na huu wenu, bibi, ndio mzuri kuliko yote niliyoiona katika mlima huu."

Siku nyingine yoyote Bibi Aidah angetoka mbio kumwita Nsabimana aje asikie sifa zake. Siku hiyo alimimina chai mpaka ikafurika kwenye sahani. Gwiza alikunywa, akaosha kikombe chake mwenyewe pale nje kwa maji ya dumu, akaaga akisema angerudi Alhamisi kupima mtaro.

Kilichomfunga mdomo Bibi Aidah ni ufa.

Wiki tatu nyuma, akianika nguo, aliuona nyuma ya nyumba ya Nsabimana, katikati ya maharage. Ulikuwa na upana wa vidole viwili. Nsabimana alikuwa ameinama anaujaza udongo na kuukanyaga kwa kisigino. "Jua tu, Mama Shakira," alisema bila kuulizwa. Majirani walimwita Bibi Aidah kwa jina la binti yake. "Udongo iko inakauka." Lakini nyufa za jua hukimbilia kila upande kama sahani iliyopasuka. Huu ulikuwa mmoja, umepinda kama mkato wa shingo ya gauni, ncha zake mbili zikielekea bondeni. Na kila alfajiri, Bibi Aidah akitoka kutawadha, alimwona jirani yake akiujaza tena. Halafu mlango wa chumba cha nyuma kwa Uwamahoro ukaanza kukataa kufunga. Nsabimana aliupiga randa mara mbili. Katika chumba hicho ndimo walimolala wajukuu.

Mjini Kigali watu wana neno, amanegeka, maana yake ni sehemu za mteremko mkali ambako mtu hatakiwi kuishi. Nyumba iliyo amanegeka hupigwa msalaba mwekundu ukutani na mwenyewe hutakiwa kuondoka. Nsabimana aliijenga nyumba ile miaka kumi na mmoja, jiwe juu ya jiwe, kila alipobakiwa na nguvu baada ya kujenga za wengine. Bibi Aidah akimwambia yule binti neno moja tu, kijani kingekuwa chekundu, na aliyemwokoa na tope angetolewa nyumbani kwake kwa ulimi wa Bibi Aidah. Akinyamaza, walikuwa watu sita chini ya paa lile, na masika yalikuwa yamebakiza wiki tano.

Alikata nguo vibaya siku ile, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Ilipofika alasiri alivuka kichochoro.

Nsabimana alikuwa amekaa juu ya kiti kifupi anasafisha mwiko wake wa uashi.

"Nsabimana, Alhamisi yule binti akija nitamwonyesha ufa."

"Ufa gani?"

"Ule unaoulisha udongo kila alfajiri."

Aliendelea kusugua mwiko ingawa ulikuwa umeshang'aa. "Mama Shakira, tumeishi hapa miaka ngapi?"

"Ishirini na miwili."

"Na siku moja nilikufanyia ubaya?"

"Hujawahi."

"Sasa unataka wanipige msalaba? Mimi nilijenga za watu wote hapa. Kesho waseme, ona fundi, yake mwenyewe iko amanegeka?"

"Watoto wanne wanalala kile chumba cha nyuma."

"Na mimi nalala nao ukuta kwa ukuta!"

"Najua. Na wewe nimekuhesabu."

Nsabimana akaweka mwiko chini. "Fanya vile unaona."

"Nimekuja kukwambia wewe kwanza," Bibi Aidah alisema. "Sikutaka lipite mgongoni kwako."

Nsabimana akaingia ndani. Siku mbili zilizofuata hakumsalimu, na kichochoro kile kilichokuwa na kelele toka asubuhi hadi jioni kikawa kimya kama cha nyumba zilizofungwa. Hata hivyo, siku zote mbili, Bibi Aidah alipofungua mlango alfajiri alikuta dumu la maji limewekwa kizingitini, limejaa, kama alivyowekewa kila siku tangu magoti yake yalipoanza kumsumbua. Mtu alikuwa amemnunia, na bado alimpandishia maji.

Alhamisi Gwiza akaja. Bibi Aidah akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja kwenye maharage.

Gwiza alipiga magoti. Hakupiga picha, hakuandika. Aliutazama ufa kutoka ncha hadi ncha, akaufuata kwa kiganja bila kuugusa. Kisha akainuka, akamwendea Nsabimana aliyekuwa amesimama mbali amekunja mikono.

"Mzee, shikamoo. Naomba ruhusa nitoboe shamba lako. Udongo nitaurudisha wote."

Nsabimana akaruhusu kwa kidevu.

Alikuwa na chuma kirefu chenye ncha iliyosokotwa, cha kuchomoa udongo kutoka chini. Alianza nyuma ya nyumba ya Bibi Aidah. Kiliingia urefu wa mkono mmoja, kikagonga mwamba. Akajaribu mahali pengine, mwamba tena. Alipofika kwenye maharage kiliingia chote. Akaunganisha kipande cha pili, kikaingia. Cha tatu kikaingia, na bado chini kulikuwa laini. Udongo uliotoka ulikuwa na vipande vya mkaa na kigae cha chungu cha zamani.

"Hapa palikuwa korongo," Gwiza alisema polepole. "Zamani sana. Lilijaa, watu wakalisahau."

Akaufinya ule udongo. Maji yakatoka kati ya vidole vyake, nayo mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki nne.

"Hii maji inatoka wapi?" aliuliza Nsabimana. Alikuwa amesogea bila yeye mwenyewe kujua.

Walipanda wote watatu mpaka mtaroni, Bibi Aidah akishikwa mkono na yule binti kila penye utelezi. Gwiza alitoa kifaa cha kupimia usawa, akapima sakafu ya mtaro kila hatua kumi. Kwa jicho ulionekana umelala sawasawa, lakini uliinama kulia, upana wa kiganja tu kila hatua kumi. Maji yote yaliyozuiwa juu ya nyumba ya Bibi Aidah, kwa miaka miwili na zaidi, yalitembea taratibu hadi mwisho wa kulia, yakakosa pa kutokea, yakazama. Na mwisho wa kulia ulikuwa juu ya korongo lililosahauliwa, juu ya nyumba ya Nsabimana.

Nsabimana alikuwa amechimba kwa jicho kwa sababu alikuwa na haraka ya kumwondolea mama mzee tope. Fundi yule asiyepandisha ukuta bila uzi wala timazi, siku ile alisahau vyote.

Gwiza ndiye aliyekaa ukingoni, akafunika uso kwa mikono miwili.

"Nimekosea," alisema.

"Wewe?" Bibi Aidah aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeiambia kompyuta kwamba penye mtaro hatari inapungua. Kila mtaro. Sikuuliza maji yanakwenda wapi. Kile kijani ni changu, bibi."

Aliomba kukaa kwenye chumba cha kushonea. Alikaa tangu saa sita hadi saa tisa, kompyuta aliyoitoa mkobani ikiwa juu ya meza ya kukatia, akila muhogo kwa mkono wa kushoto. Alitenganisha mitaro yenye njia ya kutolea maji na ile isiyo nayo. Akatafuta makorongo ya zamani, maana aliyafahamu sasa: yalionekana kwenye vipimo vya mlima kama mikunjo hafifu, kama alama ya pindo la zamani kwenye gauni lililoteremshwa. Bibi Aidah aliendelea na cherehani, akimtupia jicho. Katika maisha yake alikuwa ameona mafundi wengi wakikosea mkato, na wengi huficha kosa kwa lesi. Binti huyu alikuwa anafumua mshono wote, mbele ya mteja, bila kusukumwa na mtu.

Ramani ilipojichora upya, nyumba ya Bibi Aidah ilibaki kijani, kwa kuwa ilikaa juu ya mwamba. Ya Nsabimana ikawa nyekundu. Nyumba nne zilizokuwa chini yake zikawa rangi ya chungwa. Nsabimana aliyekuwa amesimama mlangoni aliona, akageuka, akaenda zake.

"Hayo maji hayawezi kutolewa?" Bibi Aidah aliuliza.

"Yanaweza. Mtaro uinamishwe kushoto, uje upande wenye mwamba, halafu yashuke mpaka ruhurura," Gwiza alisema, akimaanisha ule mfereji mkubwa wa mawe unaopeleka maji ya mlima bondeni. Lakini alisema huku akitazama kompyuta, si uso wa mwenyeji wake. Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa bluu ukishuka.

Bibi Aidah akainama. "Mstari huu unapita hapa tulipokaa."

"Ndiyo, bibi. Nimejaribu njia sita."

"Ya saba?"

"Hakuna ya saba."

Bibi Aidah alitazama dirisha lake. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa amekaa mbele ya dirisha lile, maana mwanga wake ulimwezesha kushona hata kitambaa cheusi kwa uzi mweusi. Aliuliza tu, "Utakunywa chai nyingine?"

Jumamosi ya mwisho wa mwezi umuganda ulifanyika kama kawaida, na kazi ilipokwisha watu wakakaa chini kwa mkutano, kama ilivyo desturi, majembe yamelazwa miguuni. Gwiza akasimama. Kila mmoja aliyeshika jembe siku ya mtaro ule aliinamisha kichwa akingoja kunyooshewa kidole.

"Nimekuja kuomba radhi," Gwiza alisema. "Ramani yetu iliwaambia mko salama. Ilikosea, na aliyeikosesha ni mimi."

Connie muuza mkaa, ambaye ulimi wake haukai kinywani, alidakia, "Kumbe kompyuta nayo inadanganya kama mume wangu!"

"Kompyuta ilisema nilichoiambia, mama."

"Na yeye anajitetea hivyo hivyo!"

Watu wakacheka mpaka mabega yakawashuka, na baada ya hapo walisikiliza. Gwiza alieleza kuhusu korongo, na maji, na ufa. Hakusema mtaro ulichimbwa vibaya. Alisema ulichimbwa na watu wenye huruma, na kwamba sasa maji yake yanahitaji mlango. Familia ya mzee Nsabimana ilibidi ihame kabla ya masika. Na mlango wa maji ulipaswa kupita kwenye chumba cha Bibi Aidah.

Nsabimana akasimama. "Hapana. Ule mtaro nilichimba maji isiingie kwa huyu mama. Leo nipitishe maji ndani ya nyumba yake? Heri ianguke yangu."

"Yako?" Uwamahoro aliuliza kutoka upande wa wanawake. "Na mimi nitalala wapi, juu ya mti?"

Mara hii hakucheka mtu, kwa sababu macho ya Uwamahoro yalikuwa yamejaa machozi.

Bibi Aidah aliinuka kwa kusaidiwa. "Nsabimana, siku uliyopanda na jembe, uliniomba ruhusa?"

"Sikukuomba."

"Basi na mimi sikuombi."

Akaingia chumbani kwake. Watu wakasikia kitu kikiburutwa, kikigonga. Akatoka amekibeba kichwa cha cherehani kiunoni kama mtoto, anahema, akaenda moja kwa moja mbele ya Nsabimana.

"Nishikie. Sitaki kiingie vumbi la tofali."

Cherehani ile ni chuma kitupu, nzito, na mikono ya bibi ilikuwa imeanza kushuka nayo. Nsabimana angefanya nini? Akaipokea. Na alipokwisha kuipokea, mbele ya watu wote, hakuwa tena na mkono wa kukataa.

"Nyumba yangu ina vyumba viwili na imekaa juu ya mwamba," Bibi Aidah alimwambia kwa sauti ya chini, ingawa kila mtu alisikia. "Uwamahoro na watoto walale cha ndani. Wewe utalala sebuleni na hiyo cherehani."

Nsabimana alikivunja chumba kile mwenyewe, tofali baada ya tofali, na hakuruhusu mtu mwingine kukigusa. Mawe ya msingi wake ndiyo aliyojengea mfereji. Wiki tatu walifanya kazi, majirani wakija jioni kwa zamu, na Gwiza alipanda kutoka kwake Kimironko, upande wa pili wa mji, kila alipomaliza kazi za ofisi, kupima usawa. Safari hii Nsabimana hakutumia jicho. Kila hatua tano alisimama akamwita Gwiza, "Fundi! Njoo uangalie hapa." Bibi Aidah, aliyekuwa akishona barazani, alinyanyua kichwa aliposikia mara ya kwanza. Miaka yote ile hakuwahi kumsikia Nsabimana akimwita mtu mwingine fundi.

Ndani ya nyumba ya Bibi Aidah walikuwa saba, na walijifunza kuishi. Uwamahoro alitia pilipili kwenye kila kitu isipokuwa chai. Bibi Aidah alivumilia, mpaka siku moja akakuta chungu cha pili kidogo jikoni, mboga isiyo na pilipili, imefunikwa kwa sahani. Hakuna aliyesema ni ya nani.

Masika yalianza na mvua ndogo, kisha mwezi wa nne ikanyesha siku tatu bila kupumua. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, watoto wakiwa shule, Bibi Aidah alisikia sauti kama kitambaa kizito kinachochanwa polepole. Uwamahoro akamshika mkono. Wakatoka barazani wakaona shamba la maharage likiteremka lote kwa pamoja, majani yake bado yamesimama, na chumba cha nyuma cha nyumba ya Nsabimana kikikaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Kuta zikafuata. Paa likainama. Tope likasukuma mpaka ukuta wa nyumba ya kwanza kati ya zile nne za chini, ambazo wenyewe walikuwa wamehama tangu mvua ya kwanza kama walivyoshauriwa, likasimama hapo. Kando yake mfereji mpya ulikuwa umejaa, maji ya kahawia yakikimbia kuelekea ruhurura.

Nsabimana alisimama katika mvua. Hakulia. Alivua kofia tu.

Gwiza alifika kwa pikipiki, ameloa mpaka kwenye nywele. Hakutazama mlima kwanza. Alitazama watu, midomo yake ikihesabu: Bibi Aidah, Uwamahoro, Nsabimana. "Watoto?" aliuliza. "Shule," Uwamahoro akamjibu, na Gwiza akakaa chini barazani.

Bibi Aidah alimfunika kitenge mabegani.

Baadaye, mvua ilipopungua, Uwamahoro aliuliza lile ambalo wote walilifikiria. "Kama hatungegeuza maji, ingefika wapi?"

"Siwezi kuapa, mama. Hesabu inasema ingefika kule." Gwiza alionyesha mapaa manne, yote manne, na barabara iliyo chini yake.

Kisha akatoa tableti, maana kila poromoko lazima liandikwe, ili ramani ijifunze. Nsabimana akaja kukaa karibu naye. Gwiza alisoma maswali kwa sauti, wakajibu pamoja: tarehe, saa, upana, urefu.

"Chanzo," alisoma.

"Andika ukweli," Nsabimana alisema. "Mtaro haukuwa na njia ya maji. Wengine wasome, wafungue yao."

Akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Waliofariki." Kidole cha Gwiza kilisimama. Halafu akaiweka tableti magotini mwa Nsabimana. "Hapa jaza wewe, mzee."

Nsabimana aliangalia mkono wake. Ulikuwa tope tupu. Akaufuta kwenye suruali, akaufuta kwenye shati, na bado ulikuwa tope. "Nitaharibu kioo."

"Hakiharibiki."

Akatafuta sifuri, akaibonyeza kwa nguvu, kama mtu anayegongomea msumari. Kidole chake kikaacha alama nyekundu ya udongo kwenye kioo. Bibi Aidah aliona Gwiza hakuifuta. Aliirudisha tableti magotini mwake vile vile, akasoma swali lililofuata.